Nilivyowafundisha Watoto wa Chekechea Habari za Koa kwa Kipande cha Kioo

Nilipotangaza kwamba darasa langu la chekechea litajifunza habari za koa, yule konokono asiye na gamba anayejaa migombani huku Moshi wakati wa masika, nilipewa ushauri mwingi kuliko nilioomba. Mwalimu mmoja mzoefu aliniambia nichore ubaoni tu, kwa kuwa watoto wa miaka minne na mitano hawana subira ya kumtazama mnyama anayetembea polepole namna ile. Mwingine alinihimiza nije na chumvi, ili watoto wamwone koa "akiyeyuka", eti hilo hawatalisahau. Koa hayeyuki, chumvi humvuta maji kutoka mwilini hadi afe, na sikuona mtoto angejifunza nini hapo zaidi ya kukitesa kiumbe.

Kuwapata hakukunisumbua. Jioni tulilaza vipande vya mgomba uliopasuliwa kando ya bustani ya shule, upande uliokatwa ukielekea chini, ule mtego ambao wakulima wa hapa hutegea fukusi wa migomba, na asubuhi makoa walikuwa wamejibanza chini yake kwenye unyevu.

Sasa lilikuja suala la kuwaonyesha. Kitabu cha mwongozo nilichoazima kilielekeza kwamba kila mtoto apewe koa wake katika sahani, uwanjani, kwenye mwanga wa kutosha. Nilifuata neno kwa neno. Saa nne jua lilikuwa limeshachomoza mawinguni, na makoa wote, ambao kwa kawaida hutembea usiku na kulikimbia jua, walivuta pembe zao ndani, wakajikunyata, wakatulia tuli. Watoto walisubiri. Hatimaye binti mmoja aliuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, hiki ni kipande cha ini?" Aliyeandika mwongozo ule sidhani kama aliwahi kukaa na koa saa nne ya asubuhi.

Kilichonifaa ni kioo, na hapa naomba nijisifu kidogo. Fundi wa madirisha alinipa bure kipande kinene kilichobaki, akanisagia na kingo zake. Pembeni nilikizungushia gundi ya karatasi. Nilikilaza juu ya mabenchi mawili barazani, mapema kabla jua halijafika, nikakinyunyizia maji, kisha nikaweka koa juu yake. Chini nilitandika mkeka, na watoto waliingia wanne wanne, wakalala chali, huku mimi na msaidizi wangu tukikishika kioo pande zote mbili. Koa alipoona kuna unyevu na kivuli, alijinyoosha, akatoa pembe na kuanza safari. Walio chini waliona ambacho kwenye sahani kisingeonekana kamwe: kwamba mwili wake ni mpana lakini mguu ni ukanda mwembamba tu katikati ya tumbo, na kwamba ukanda huo hujikunja kwa mawimbi madogo, wala hauinuki kama mguu wetu. Wale watoto wasio na subira walikataa kutoka kuwapisha wenzao, ikabidi niwaondoe kwa kuhesabu hadi ishirini.

Kioo hicho hicho kilitusaidia katika jambo jingine. Picha za vitabuni, nyingi zikiwa za koa wa Ulaya, huonyesha tundu la kupumulia ubavuni upande wa kulia, nami niliwaagiza watoto walitafute. Hawakuliona, nao walikuwa sahihi, kwa sababu koa wetu huyu bapa, mweusi, mwenye mstari mpauko mgongoni, ni wa jamii nyingine na tundu lake liko nyuma. Pembe nne walizihesabu bila shida: mbili ndefu za juu zenye macho nchani, na mbili fupi za chini za kupapasia na kunusia.

Siku zilizofuata tuliwawekea tango, papai bivu na sukuma wiki katika ndoo yenye udongo wenye maji, tukaifunika kwa kipande cha chandarua kilichokazwa kwa mpira, maana koa hupenya mahali ambapo hutarajii. Kila mtoto aliweka kizibo cha soda mbele ya chakula alichodhani kitaliwa zaidi. Papai lilishinda, na walioweka vizibo kwenye sukuma wiki walidai kwamba makoa wangu hawakulelewa vizuri.

Sikuruhusu mtu kuwashika kwa mikono mitupu. Koa huweza kubeba vimelea vya minyoo anavyovipata kwenye kinyesi cha panya, hivyo tuliwanyanyua kwa jani bichi, na kila mmoja alinawa kwa sabuni hata kama aliapa hakugusa. Ute ukikupata, ufute kwanza kwa kitambaa kikavu ndipo unawe, kwani ukianza na maji utazidi kuteleza.

Mtunza bustani alitaka kuwaua wote, na kwa kuwa miche ya kabichi ni yake sikumlaumu. Tulikubaliana kwamba watoto wawapeleke kwenye shimo la mboji, mbali na vitalu vyake, naye akaandamana nasi kuhakikisha kwamba hakuna aliyeangushwa njiani.