God of War: anza na ya 2005
Mdogo wangu kapata PS3 ya mtumba hapa Moshi, juzi akaniuliza aanze na gemu ipi ya God of War. Vijana wa banda la gemu Majengo washamwambia afuate mtiririko wa hadithi, aanze na Ascension, ambayo hadithi yake inatangulia zote. Nikamwambia hapana, dogo! Ascension ilitoka 2013, inamchukulia mchezaji kama mtu anayemjua tayari Kratos, mhusika mkuu. Kilichoipata familia yake unakijua mapema mno. Ile ya kwanza, ya 2005, inakificha makusudi: inafungua na Kratos akijirusha kutoka kilele cha mlima, halafu unacheza saa nyingi ukijiuliza kimemsibu nini. Utamu wote uko hapo.

Na kati ya ya pili (2007) na ya tatu (2010) usichomeke kitu. Ya pili inaishia Matitani, yale majitu ya kale, wanaupanda Olimpo, mlima wa miungu, ya tatu inaendelea papo hapo. Ascension ije baada ya hizo, kisha ndiyo ya 2018.

Jana kaanza. Yuko kwenye Hydra, lile joka la vichwa vingi, pedi haiachii, chakula kimepoa mezani. Mliocheza zote, zile za PSP, mashine ndogo ya mkononi, mngemwekea wapi?