Ganda kavu na pilipili kali: namna ninavyokaanga kuku nyumbani

Wengi wanaotaka kujua jinsi ya kupata kuku wa kukaanga mwenye ganda kavu, linalovunjika kwa mlio, huanza kwa kuuliza viungo, kana kwamba kuna unga wa siri ambao wapishi wa mikahawani wameuficha. Kwa maoni yangu viungo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Kinachoamua ganda litakuwaje ni maji: yaliyo ndani ya nyama, yaliyobaki juu ya ngozi, yanayolowesha unga, na yale yanayogeuka mvuke pindi kipande kinapotumbukia kwenye mafuta. Mpishi anayejua maji yanafanya nini katika kila hatua anaweza kubadilisha viungo apendavyo, na kuku wake bado atatoka vizuri.

Mimi huchagua mapaja, miguu na vipapatio kabla ya kidari, kwa kuwa nyama hiyo ina mafuta zaidi na hustahimili dakika za ziada bila kukauka. Kidari nacho kinafaa, ila kikatwe vipande vidogo ili kisiachwe nyuma na vingine katika kuiva. Najua hapa nitapingwa, lakini sioshi kuku chini ya bomba. Maji yanayorukaruka husambaza vijidudu kwenye sinki na vyombo vilivyo karibu, ilhali joto la kukaangia litaviua vile vilivyomo kwenye nyama. Inatosha kuvikausha vipande kwa karatasi za jikoni, kisha kuzitupa karatasi hizo na kunawa mikono kwa sabuni.

Chumvi iingie kwenye nyama yenyewe, mapema, wala isisubiri unga. Kwa kilo moja ya kuku natumia gramu 12 hadi 15, ambazo mwanzoni huvuta maji kutoka kwenye nyama, kisha maji hayo huyeyusha chumvi na kurejea nayo ndani, yakilegeza protini kiasi kwamba nyama huweza kuhifadhi unyevu mwingi zaidi inapopata moto. Chumvi hiyo naichanganya na kikombe kimoja na nusu cha mtindi, punje tano za kitunguu saumu zilizotwangwa, kipande cha tangawizi, pilipili manga na pilipili ya unga, nikaviloweka vipande humo kwa saa nne au usiku mzima ndani ya friji. Mtindi una asidi ya kiasi, hivyo hulainisha bila fujo. Ndimu au siki nyingi, kinyume chake, ikikaa muda mrefu huifanya nyama ya juu iwe kama unga mdomoni.

Kuhusu unga, unga wa ngano peke yake hutoa ganda gumu zaidi kuliko kavu, kwa sababu protini zake zikikutana na maji huunda gluteni, na gluteni ikizidi ganda hutafunika kwa kuvutika. Dawa yake ni kuupunguza nguvu kwa wanga, uwe wa mahindi au wa viazi, ambao hauna gluteni na hukauka ukawa mwepesi wa kuvunjika. Kipimo changu ni vikombe viwili vya unga wa ngano kwa nusu kikombe cha wanga, pamoja na kijiko kidogo cha beking pauda, ambayo hutoa viputo vya gesi vinavyolifanya ganda liwe na vitundu ndani, na chumvi kidogo. Kabla ya kuvipaka vipande, namiminia vijiko vitatu vya ule mtindi wa kulowekea ndani ya unga mkavu na kuufikicha kwa vidole hadi ufanye madonge madogo. Madonge hayo ndiyo yatakayogeuka zile mbonyeo na ncha zinazopendwa na kila mtu, na sijaona njia iliyo rahisi kuliko hiyo ya kuyapata. Kila kipande kigandamizwe ungani kwa nguvu, kisha kiachwe juu ya wavu wa chuma kwa dakika 15 hivi, mpaka unga usionekane tena mweupe na mkavu. Unga ambao haujanyonya unyevu hubanduka na kuungulia chini ya sufuria.

Mafuta yawe yaliyosafishwa, kama ya alizeti au karanga, yanayostahimili joto kubwa kabla ya kutoa moshi, na yasizidi nusu ya kina cha sufuria, kwa maana yatapanda yakianza kuchemka kwa nguvu. Yafikie nyuzijoto 175 za Selsiasi kabla ya kipande cha kwanza kuingia. Yatapoa papo hapo, na kazi ya mpishi ni kuyaweka kati ya 155 na 165 kwa kurekebisha moto na kutojaza sufuria. Viputo tunavyoviona ni maji ya ganda yakitoka kama mvuke, na mvuke huo unaposukuma nje huyazuia mafuta kuingia. Mafuta yakiwa baridi msukumo huo ni hafifu, na kuku hunywa mafuta. Yakiwa ya moto kupita kiasi, ganda huwa jeusi huku nyama iliyo karibu na mfupa ikiwa bado mbichi. Asiye na kipimajoto anaweza kudondosha donge la unga: likipanda juu likitoa povu mara moja bila kubadilika rangi ghafla, mafuta yako tayari. Hata hivyo kipimajoto ndicho kifaa pekee ambacho ningemshauri mtu akinunue kwa ajili ya kazi hii, kwa kuwa ndicho pia kinachothibitisha kwamba nyama imefika nyuzijoto 74 katikati, kiwango ambacho kuku huwa salama kuliwa. Mapaja nayaacha yapite 80, kwani hapo ndipo nyuzi zake ngumu hulainika.

Paja huchukua dakika 12 hadi 15, kipapatio pungufu ya hapo. Nikiwa na muda nakaanga mara mbili, na tofauti yake inasikika mezani. Vipande vikishaiva na kuwa na rangi hafifu, vinapumzika juu ya wavu kwa dakika kumi. Wakati huo unyevu wa ndani unahamia kwenye ganda na kulilegeza kama karatasi iliyonyeshewa, jambo linalomtisha asiyejua kinachoendelea. Kisha vinarudi kwenye mafuta ya nyuzijoto 190 kwa dakika mbili au tatu, ambapo unyevu huo hufukuzwa na rangi ya kahawia hukolea. Rangi hiyo hutokana na protini na sukari kuathiriana kikemikali katika joto kali, mchakato ulioelezwa mwaka 1912 na Mfaransa Louis Camille Maillard. Kwa bahati njema, katika mwaka huohuo mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville alibuni njia ya kupima ukali wa pilipili, kwa hiyo sahani hii inadaiwa na mwaka mmoja mambo mawili.

Na pilipili ndiyo inayokosewa zaidi. Kuijaza kwenye unga ni kuipeleka kuungua, kwani pilipili ya unga ikikaa kwenye mafuta ya joto hilo kwa robo saa hubakiza uchungu na kupoteza harufu. Kuku akishaiva, kummwagia mchuzi wa pilipili wenye maji au siki nyingi ni kulilowesha lile ganda tulilolihangaikia. Kitu kinachotia ukali, yaani kapsaisini, huyeyuka vizuri kwenye mafuta na vibaya sana kwenye maji. Kwa hiyo acha mafuta ndiyo yaibebe, maana mafuta hayalilegezi ganda. Ninachofanya ni kuchota nusu kikombe cha mafuta niliyokaangia, kuyaacha yapoe hadi nyuzijoto 120 hivi, na kuyamimina polepole juu ya vijiko viwili vya pilipili ya unga, kijiko cha papirika kwa ajili ya rangi, kitunguu saumu cha unga, chumvi na kijiko kidogo cha sukari. Yatafuka povu kidogo na kutoa harufu ya kukohoza, basi dirisha liwe wazi. Mchanganyiko huo napaka kwa brashi juu ya kuku akiwa bado wa moto. Anayependa ukali wa pilipili mbuzi aikaushe na kuisaga kwanza, wala asiitumie mbichi, kwa sababu mbichi ni maji tena. Mezani, atakayezidiwa apewe maziwa badala ya maji, kwani protini ya maziwa huiondoa kapsaisini mdomoni.

Kuku aliyetolewa asilazwe kwenye sahani wala asifunikwe, maana mvuke wake mwenyewe utamlainisha kutoka chini. Akae juu ya wavu, hewa ipite pande zote. Sufuria ikishika moto, zima jiko na uifunike kwa mfuniko wa chuma, na kamwe usimwage maji. Mafuta yakipoa kabisa yachujwe kwa kitambaa ili mabaki ya unga yasiyaharibu, nayo yatafaa tena mara chache mpaka yatakapokuwa mazito au kutoa harufu nzito. Kuku aliyebaki awekwe kwenye friji ndani ya saa mbili na apashwe moto katika tanuri la nyuzijoto 190 kwa dakika 15 hivi, akiwa juu ya wavu. Maikrowevu itaipasha nyama, ila ganda litalegea. Kwa sababu hiyo, ninapojua kwamba wengine watachelewa kula, sipaki mafuta ya pilipili kwenye vipande vyao hadi watakapoketi.