Kila pacha na ridhaa yake: nilivyosaidia familia za Mombasa kushiriki utafiti wa mtandaoni

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta familia za Mombasa zenye mapacha wa umri wa miaka 13 hadi 17, kuzieleza utafiti, kisha kuwasaidia watoto kujibu maswali na kufanya majaribio ya kumbukumbu na wepesi wa fikra kwa simu. Watafiti walikuwa chuo kikuu. Mimi ndiye niliyekuwa napiga hodi, Kisauni na Kongowea, Likoni ng'ambo ya feri, Changamwe na Mikindani.

Jambo moja lilinikaa moyoni tangu mwanzo na ndilo lililoongoza yote niliyofanya baadaye. Mapacha hawaonwi kama watu wawili. Mama huwashonea nguo za kitambaa kimoja, mwalimu huwaita "nyinyi mapacha", jirani akikutana na mmoja humuuliza habari za wote. Utafiti nao huwataka jozi kamili, kwa sababu majibu ya mmoja bila mwenzake hayana faida kubwa kwenye hesabu. Kwa hiyo kila upande unamsukuma mtoto afuate la mwenzake. Nilijipa jukumu la kuhakikisha kwamba kila mmoja ameulizwa peke yake, na kwamba akisema hapana, hapana yake inasimama.

Lakini kabla ya watoto kuna wazazi, na mzazi wa hapa hatakuruhusu umhoji mwanawe ati kwa kuwa chuo kikuu kimesema. Atataka kujua kwa nini mapacha, na kwa nini wake. Nilikuwa nakaa mkekani na mama, nyanya na yeyote aliyepita, nikaeleza hivi. Mapacha wa kufanana wametoka kwenye yai moja lililogawanyika, kwa hiyo jeni zao ni zile zile. Wasiofanana wametoka kwenye mayai mawili, na kwa jeni wako kama ndugu wengine wa tumbo moja, wanashirikiana nusu kwa wastani. Wote, hata hivyo, wana umri mmoja, wamelelewa pamoja na wamekula chungu kimoja. Ukiwapima usingizi wao, kumbukumbu zao au woga wao, ukakuta wa kufanana wanakaribiana kuliko wasiofanana, unaanza kuona sehemu ya kurithi. Mapacha wa makundi yote mawili wakifanana na wenzao kwa kiasi kimoja, basi nyumba na malezi ndiyo yenye mkono mkubwa zaidi. Mwingereza Francis Galton aliandika juu ya kuwatumia mapacha kutenganisha asili na malezi mwaka 1875. Huko England na Wales kuna mapacha waliozaliwa kati ya 1994 na 1996 ambao watafiti wamewafuata hadi wakawa watu wazima, na walianza kuwapima kwa intaneti wangali watoto.

Kisha niliwaambia lililonifanya mimi niikubali kazi hii. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalisema duniani huzaliwa jozi za mapacha zipatazo milioni 1.6 kila mwaka, na Afrika ndilo bara linaloongoza kwa kiwango cha kuzaa mapacha. Wakati huo huo tafiti nyingi kubwa za mapacha zimefanywa Ulaya, Marekani na Australia. Tunawazaa sisi, halafu vitabu vinaandikwa juu ya watoto wa wengine. Maneno haya yaliwaingia watu kuliko takwimu zozote.

Hofu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kijicho. Mji wa Kale na Majengo wako wazazi wasioweka picha ya mapacha wao mtandaoni kabisa, na mimi sikwenda kubishana na mtu juu ya hilo. Niliwaonyesha kwamba utafiti hauombi picha wala video, na kwamba jina la mtoto linabadilishwa na namba. Ya pili ni matapeli. Ni nani hapa asiyewahi kupokea ujumbe wa "umeshinda"? Kwa sababu hiyo sikumtumia mtu kiungo kabla hajanisikia kupitia mtu anayemjua: ustadh wa madrasa, mama mwenyekiti wa chama, mzee wa mtaa. Nilibeba nakala ya kibali cha NACOSTI, tume ya serikali ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, nikiwaachia waisome au waisomewe. Na nilirudia kila nyumba: mtu yeyote akikuomba namba ya siri ya simu kwa jina la utafiti huu, huyo ni mwizi.

Baba wa jozi moja yuko Doha. Mkewe angeweza kutia sahihi mwenyewe, lakini alitaka mumewe asikie. Nikarekodi maelezo yote kwa sauti, nayo yakamfikia baada ya zamu yake. Swali lake lilikuwa moja tu: "Haya majibu ya wanangu, nani atayaona?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa. Nilimjibu kwamba Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe. Majibu yanahifadhiwa kwa namba, na wanaoyachambua hawaoni majina. Mama naye, aliyekuwa ameketi pembeni, akaingilia.

"Na mimi mamao, siyaoni?"

"Huyaoni, Mama Hassan. Wala mimi siyaoni."

Alinyamaza kidogo. Ndani ya maswali yale kuna ya huzuni, ya ugomvi nyumbani, ya kukosa usingizi. Nilimwambia mtoto akijua mama atasoma, atajibu ya kumfurahisha mama, na hapo tutakuwa tumepoteza muda wa kila mtu. Vilevile nilimwachia karatasi yenye namba za msaada kwa watoto, endapo swali lolote lingewagusa vibaya, na nikawapa watoto nakala zao. Alikubali. Wapo waliokataa kwa sababu hiyo hiyo, nikawashukuru na kuondoka. Mzazi anayetaka kusoma majibu ya mwanawe haniambii kwamba ni mtu mbaya. Ananiambia tu kwamba nyumba ile haiko tayari.

Kuhusu muda sina mengi. Wengi wako mabwenini, na simu shuleni ni marufuku, kwa hiyo kazi ilikuwa ya likizo: Aprili, Agosti, na mwisho wa mwaka. Wikendi asubuhi kuna madrasa. Mwezi wa Ramadhani sikumpima mtoto alasiri akiwa na funga; ama asubuhi, ama tuliahirisha hadi baada ya Idi.

Lililonishughulisha kweli ni kujua mapacha gani ni wa kufanana. Bila hilo utafiti mzima hauna maana. Njia ya uhakika ni kupima jeni, lakini hojaji nzuri anayojibu mzazi hupatia kwa zaidi ya asilimia 90, nasi tuliitumia hojaji. Shida ni kwamba nyingi za hojaji za aina hii zimezaliwa Ulaya, na huuliza sana rangi ya macho na rangi ya nywele. Waulize wazazi wa Mtongwe kama macho ya watoto wao yana rangi moja. Karibu wote watasema ndiyo, meusi, na ndiyo hiyo haikutenganishii mtu. Niliwaandikia watafiti kuhusu hili mapema, wakanisikiliza, na uzito ukahamia kwenye maswali yanayofanya kazi hapa. Je, baba huwachanganya wakimpigia simu? Je, mwalimu mpya huendelea kuwachanganya hata baada ya muhula mzima? Je, mmoja alimpita mwenzake urefu kwa wazi walipobalehe? Ukiwaona kwa mbali barabarani, unajua yupi ni yupi?

Na hapo ndipo ilipoingia habari ya kondo la nyuma. Kina mama wengi waliniambia kwa uhakika kabisa: "Hawa si wa yai moja, mkunga aliona makondo mawili." Wanawabeba watoto wanaofanana kama shilingi mbili, lakini kauli ya mkunga imekaa. Ukweli ni kwamba karibu theluthi ya mapacha wa yai moja huwa na makondo mawili, kwa sababu yai liligawanyika mapema sana. Na makondo mawili ya wasiofanana yanaweza kushikana yakaonekana moja. Nilieleza hili taratibu, bila kumvunjia heshima mkunga, kwa kuwa alisema alichokiona. Upande wa pili walikuwepo wanaojivunia kwamba "kwetu mapacha ni wa ukoo." Hilo lina ukweli kwa wasiofanana, maana tabia ya kutoa mayai mawili hurithiwa. Wa kufanana hutokea karibu kwa kiwango kimoja duniani kote, kama jozi tatu au nne katika kila uzazi 1,000.

Majina nayo yalikuwa na kazi yake. Nyumba za Kiislamu, Hassan na Hussein. Changamwe nilikuta Apiyo na Adongo, majina ya Kijaluo, na hao walau jina lenyewe linakuambia nani alitangulia. Tarehe ya kuzaliwa moja, jina la baba moja, simu moja ya mama: mfumo wa usajili uliwaona kama mtu mmoja aliyejisajili mara mbili. Tukakubaliana kila mtoto aandikwe kwa namba ya familia ikifuatwa na moja au mbili kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mimi nikahakikisha kwa cheti au kwa kadi ya kliniki. Kisha nikawa namuuliza mtoto mwenyewe, kwa sauti, kabla hajabonyeza chochote: "Wewe ni nani?" Mapacha wanapenda kubadilishana, na wengine wamezoea kufanyiana hata mitihani.

Simu ndiyo iliyonifundisha uangalifu zaidi. Familia nyingi zina simu janja moja, ya mama, nyingine ni kabambe. Baadhi ya majaribio hupima kasi ya kugusa kioo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kurwa, yaani pacha wa kwanza, akitumia simu mpya ya mjomba na Doto, wa pili, akatumia ya zamani yenye kioo kilichopasuka, tofauti itakayoonekana ni ya vioo, nayo itaandikwa kwamba ni ya vichwa. Nikaweka kanuni: sehemu ya kasi, wote wawili simu moja, siku moja, chaji ikiwa imejaa. Familia iliyokuwa na simu mbovu niliifungulia mlango wa chuo cha kompyuta cha rafiki yangu pale Kisauni, saa ambazo hakukuwa na darasa. Bando nililituma usiku wa kuamkia, si asubuhi ile ile, ili kusiwe na mtu wa kusubiri. Stima ikipotea tuliahirisha bila lawama.

Simu moja ina hatari nyingine: anayemaliza kwanza humwambia mwenzake majibu. Wanapendana, huwezi kuwalaumu. Kwa hiyo wa kwanza alipokuwa anafanya, wa pili alitumwa dukani au kwa shangazi, na walipopishana, nilihakikisha hawakai pamoja kabla ya wa pili kuanza. Nani aanze, tulibadilisha nyumba kwa nyumba, ili wakubwa wasiwe kila mara ndio wa kwanza. Na mwisho wa kila zamu ukurasa ulifungwa na kumbukumbu zake kwenye simu zikafutwa, mtoto mwenyewe akiona.

Sasa nirudi kwenye ridhaa, maana ndipo moyo wangu ulipo. Nilizungumza na kila mtoto peke yake, barazani au uani, mahali ambapo mama anatuona lakini hasikii tunayosema. Nilimwambia kwamba mzazi amekubali, lakini hilo halimlazimishi. Kadi ya kredo, ile shukrani ya kushiriki, ataipata yeye kwa jina lake, hata akiacha katikati, hata mwenzake akikataa. Hili la mwisho lilihitaji kusemwa wazi. Mtoto anayejua kwamba kukataa kwake kutamnyima pacha wake kadi hawezi kukataa.

Tudor kulikuwa na wasichana wa miaka 15. Kurwa alitaka sana. Doto aliniangalia akasema, "Mimi sitaki, lakini ukiniambia nitafanya." Nikamwambia siwezi kumwambia. Mama yao alikuwa amenipikia mahamri na alijisikia vibaya kwa ajili yangu. "Muandike tu, mwanangu, huyu hana neno, atafuata dadake." Nilimjibu, "La, Mama. Akifuata dadake, majibu yatakuwa ya dadake." Tuliandika kwamba Doto amekataa, Kurwa akafanya sehemu yake, na watafiti walijua wanapokea nusu ya jozi.

Baada ya muda Doto alinitumia ujumbe kupitia simu ya mamake. Alikuwa amemuuliza dadake maswali yalikuwaje, na sasa anataka. Nilirudi, nikamuuliza upya, peke yake, na akafanya. Wiki hiyo hiyo Kurwa naye akasema hataki tena majibu yake yabaki. Aliandika mambo ambayo angependa yasiwe mahali popote. Hakunieleza zaidi, wala sikumuuliza. Nilituma ombi siku ile ile kwa namba yake, na mama yao akalitia sahihi bila kuuliza kilichoandikwa. Jibu lilikuja kwa maandishi, likiwa na tarehe: ya Kurwa yamefutwa, ya Doto yamebaki. Nilimpelekea kila mmoja nakala yake.