Uzito wa mizani ulikuwa unapotea njiani, nilivyotatua
Wadau, nina programu inasoma mizani ya mahindi pale Kibaigwa inatuma uzito kwa seva Dodoma mjini kupitia ZeroMQ (maktaba ya kutumiana meseji kati ya programu), sasa mtandao ukikata rekodi zinapotea kimya kimya, hata erori hakuna. Kumbe nilitumia soketi zake za PUB na SUB (mmoja anatangaza, wengine wanasikiliza), na PUB kama hamna msikilizaji inatupa tu meseji. Nikahamia REQ na REP (ombi na jibu, kwa zamu), jibu moja likipotea REQ inaganda haitumi tena.

Iliyokaa sawa ni DEALER kwa ROUTER (soketi za kutuma na kupokea bila kusubiri zamu): kila rekodi ina namba, naihifadhi kwenye diski, seva ikirudisha namba ndo nafuta, zikipita sekunde 5 natuma tena, na seva inaruka namba iliyokwishapokea. PUSH (soketi ya kutuma tu) niliiacha, foleni yake iko memori, umeme ukikatika imeenda.