Safu Tatu Zilizo Nyuma ya Namba Moja

Mashabiki wa muziki wa pop wanaofuatilia Hot 100, chati ya nyimbo ya jarida la Billboard la Marekani, wamezoea kugombana juu ya tarakimu moja tu, yaani nafasi ambayo wimbo umeshika wiki hiyo. Mimi naamini kwamba hiyo ndiyo tarakimu yenye habari chache kuliko zote. Nyuma yake kuna safu tatu, ya usikilizaji wa mtandaoni, ya redio na ya mauzo, na mtu anayezisoma safu hizo ndiye anayejua wimbo umefikishwa na nani pale ulipo na kama una nguvu ya kubaki. Nimeifuatilia chati hii kwa miaka mingi, naipenda, na inaniuma kuona watu wenye mapenzi ya dhati kwa wanamuziki wao wakitukanana usiku kucha juu ya jambo ambalo jedwali la mistari mitatu lingelimaliza.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Wiki ya hesabu huanza Ijumaa na kuishia Alhamisi, kwa kuwa tangu Julai 2015 Ijumaa ndiyo siku ambayo nyimbo mpya hutolewa karibu duniani kote. Nyimbo kumi za juu hutangazwa kwa kawaida Jumatatu mchana kwa saa za Marekani, wakati ambapo sisi wa Afrika Mashariki tumeshakula chakula cha usiku, na chati hubeba tarehe ya Jumamosi inayofuata. Ndiyo sababu wimbo wa "Dynamite" wa BTS, kundi la vijana wa Korea Kusini, uliotoka tarehe 21 Agosti 2020, umeandikwa katika kumbukumbu kuwa ulishika namba moja katika chati ya tarehe 5 Septemba, na ndiyo sababu pia mabishano mengi kuhusu wiki gani ilikuwa ya nani huzaliwa kwa watu wawili kutumia tarehe tofauti wakimaanisha kitu kilekile.

Nitachukua mwaka wa 2023, kwa sababu ulituletea nyimbo mbili zilizokaa katika chati moja na kueleza mambo yanayokaribia kupingana. Katika chati ya tarehe 8 Aprili, Jimin wa BTS aliingia moja kwa moja namba moja kwa wimbo wa "Like Crazy", akawa msanii wa kwanza wa Korea Kusini kufika hapo akiwa peke yake bila kundi. Safu zake zilisomeka hivi: mauzo 254,000, kwa kujumlisha nakala za kupakua na CD, kusikilizwa mtandaoni mara milioni 10, na hadhira ya redio 64,000. Tazama tena hiyo ya mwisho. Hadhira ya redio huhesabiwa kwa kukadiria watu waliokuwa wakisikiliza kila mara wimbo ulipopigwa, na nyimbo zinazotamba redioni Marekani hufikia makumi ya mamilioni kwa wiki. Elfu sitini na nne ni sawa na kusema kwamba wimbo haukupigwa. Wiki ya pili "Like Crazy" ulikuwa nafasi ya 45.

Wakati huohuo, katika chati ileile, "Calm Down" wa Rema wa Nigeria, katika toleo aliloimba pamoja na Selena Gomez, ulikuwa ukipanda taratibu. Uliingia Hot 100 mwaka 2022 bila kelele, ukasogea nafasi chache, ukasimama, ukasogea tena, na kufikia katikati ya 2023 ulikuwa nafasi ya tatu, kilele chake. Haukuwahi kushika namba moja. Lakini uliongoza chati ya redio ya Marekani, na ulikaa ndani ya Hot 100 kwa zaidi ya mwaka mzima. Kwa wimbo wa kijana kutoka Benin City, hilo ni jambo ambalo hakuna wiki moja ya kwanza ingeweza kulionyesha.

Mdogo wangu, ambaye ni shabiki mkubwa wa Rema, aliponiuliza, "Kaka, sasa nani alishinda?", sikumjibu kwa neno moja. Nilimchorea safu tatu kwenye karatasi na kumwandikia namba za nyimbo zote mbili, kila moja mahali pake. Wimbo mmoja ulikuwa na umati uliojiandaa, ukajua siku yake, na ukafika wote kwa pamoja. Mwingine ulikuwa na wasikilizaji wasiojuana, wanaosikia wimbo garini wakienda kazini, wiki baada ya wiki. Hivyo ni vitu viwili, na chati huviweka katika mstari mmoja kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake.

Wapo wanaosema kwamba namba moja ya aina ya kwanza ni ya bandia. Ninalipinga neno hilo kwa moyo wote. Kila nakala iliyohesabiwa ilinunuliwa na mtu kwa fedha yake, na kununua wimbo ni tendo la mapenzi lililo zito kuliko kuuacha ujipige wenyewe katika orodha iliyopangwa na programu. Tena kuna sababu kwa nini mashabiki wa BTS waliegemea mauzo. Redio za Marekani huamuliwa na wapanga vipindi, ambao kwa miaka mingi hawakuwa na haraka ya kupiga nyimbo za Kikorea, na shabiki hana uwezo wa kumlazimisha mpanga vipindi wa Atlanta au Chicago. Anao uwezo wa kununua. Mlango mmoja ukifungwa, watu hupita katika ule ulio wazi, na kuwalaumu kwa kuujua vizuri kuliko wengine si haki.

Mlango huo haukupata kuonekana wazi kama ulivyoonekana katika kiangazi cha 2021. Wimbo wa "Butter" wa BTS uliingia namba moja katika chati ya tarehe 5 Juni ukiwa na mauzo 242,800, ukauondoa juu "Good 4 U" wa mwimbaji wa Marekani Olivia Rodrigo, uliokuwa umeingia hapo wiki moja tu kabla, na ambao kwa wiki kadhaa ulibaki ukiufuata katika nafasi ya pili. Kwa kawaida mauzo ya wimbo huanguka vibaya wiki ya pili. Ya "Butter" yaliendelea kuwa juu ya 100,000 kwa wiki baada ya wiki, yakisaidiwa na matoleo mapya ya wimbo uleule, bei zilizopunguzwa, na mashabiki waliopangana vizuri sana: wa nje ya Marekani wakichanga fedha, walioko ndani wakinunua. Mwezi Julai, BTS walipotoa "Permission to Dance", wimbo huo mpya ukashika namba moja na "Butter" ukashuka hadi ya saba. Wiki iliyofuata "Butter" ukarudi juu kutoka nafasi hiyo ya saba. Kisha Septemba, toleo lenye rapa wa Marekani Megan Thee Stallion likauongezea wiki yake ya kumi kileleni.

Nilikuwa nikiandika namba hizo kila Jumatatu, na ninakiri kwa furaha kwamba sijawahi kuona umati ukiisoma kanuni kwa makini namna ile. Mashabiki wa Rodrigo walikasirika, na hasira yao ilikuwa na msingi, kwa sababu katika usikilizaji na redio wimbo wao ulikuwa ukibeba mzigo mkubwa zaidi. Lakini aliyeandika kanuni si shabiki wa upande wowote. RM, kiongozi wa BTS, alipoulizwa jambo hili na Billboard wenyewe mwezi Agosti mwaka huo, alijibu kwa utulivu kwamba kama kuna mjadala ndani ya jarida kuhusu namba moja inapaswa kumaanisha nini, basi ni juu yao kubadilisha kanuni. Sioni jibu bora kuliko hilo.

Na kanuni zikabadilishwa. Mwanzoni mwa 2022 ilianza kuhesabiwa nakala moja tu ya kupakua kwa mnunuzi mmoja kwa wiki, ilhali hapo awali zilihesabiwa hadi nne. Mwaka 2023, baada ya "Like Crazy", nakala za kupakua zinazouzwa katika tovuti za wasanii wenyewe ziliondolewa katika hesabu ya chati ya nyimbo. Watu walitabiri kwamba huo ndio mwisho wa namba moja za Kikorea. Julai ya mwaka uleule Jung Kook, naye wa BTS, akatoa "Seven" pamoja na rapa wa Marekani Latto, akaingia namba moja kwa nakala 153,000 na kusikilizwa mara milioni 21.9. Linganisha na safu za Jimin: mauzo yamepungua kwa takriban nakala laki moja, usikilizaji umezidi mara mbili. Mashabiki walewale walikuwa wamehamishia nguvu zao kwenye mlango mwingine.

Anayedhani kwamba kanuni zilianza kupotosha chati juzi tu arudi nyuma hadi miaka ya tisini. Hot 100 ilianza Agosti 1958, na kwa miongo zaidi ya mitatu hesabu yake ilitegemea ripoti za maduka na vituo vya redio, hadi mwaka 1991 ilipoanza kutumia takwimu za mashine za maduka na za ufuatiliaji wa redio. Hata hivyo ilibaki sharti moja: wimbo usiouzwa dukani kama singo, yaani peke yake nje ya albamu, haukuruhusiwa kuingia. Kampuni za muziki zikaona faida katika kuzuia singo ili mtu anayeupenda wimbo alazimike kununua albamu nzima. Ndiyo maana "Don't Speak" wa kundi la Marekani la No Doubt, ulioongoza chati ya redio kwa wiki 16 kati ya 1996 na 1997, hauonekani popote katika Hot 100 ya miaka hiyo. Sharti hilo lilifutwa Desemba 1998. Kwangu mimi, pengo hilo ni kubwa kuliko namba moja yoyote ambayo mashabiki wa leo wanaitilia shaka, kwa sababu wimbo uliosikika kila kona ya Marekani haukupewa hata nafasi ya 100.

Liko jambo linalotuhusu sisi kwa karibu zaidi, na ndilo swali la pili aliloniuliza mdogo wangu: yeye aliyeusikiliza "Calm Down" kila asubuhi akiwa Dar es Salaam, je, alimsaidia Rema kufika nafasi ya tatu? Hapana. Hot 100 huhesabu Marekani peke yake, kwa hiyo shabiki wa Mombasa au Kigali anayeuacha wimbo ukijirudia usiku kucha ili "kuupandisha Billboard" anapoteza bando lake. Mahali anapohesabiwa ni Billboard Global 200, iliyoanza Septemba 2020, ambayo hukusanya usikilizaji na mauzo kutoka nchi na maeneo zaidi ya 200 na haina redio kabisa. Ipo na nyingine inayoiondoa Marekani, na hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi, maana humo nyimbo hupimwa kwa masikio ya wengine wote. Hata hivyo, ajue kwamba usikilizaji wa akaunti ya kulipia una uzito mkubwa kuliko ule wa akaunti ya bure yenye matangazo. Tangu Spotify ifike Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, wengi ninaowafahamu wanaitumia kwa njia ya bure, na kila mara wanaposikiliza huhesabiwa kwa uzito mdogo. Nilipomweleza hivyo mdogo wangu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza akaunti ya kulipia ni shilingi ngapi.

Kwa hiyo matokeo yanapotoka siku hizi, naanza na safu, nafasi baadaye. Wimbo ulioingia juu kwa mauzo matupu nauandikia alama na kusubiri wiki ya pili. Ulioingia kwa usikilizaji nausubiri wiki ya nne, kwa kuwa hamu ya albamu mpya huisha baada ya wiki mbili au tatu na kinachobaki ndicho wimbo wenyewe. Ulio chini, labda nafasi ya 60 au 70, lakini hadhira yake ya redio inaongezeka kila wiki, huo ndio ninaoupigia mstari kwa kalamu nyekundu. "Heat Waves" wa kundi la Glass Animals kutoka Uingereza ulitoka Juni 2020, ukaingia Hot 100 Januari 2021, na ukashika namba moja Machi 2022, ukiwa katika wiki yake ya 59 ndani ya chati. Aliyekuwa akitazama nafasi peke yake angeshausahau zamani. Aliyekuwa akitazama mwendo wake aliuona ukija kwa miezi mingi, ukikataa kushuka.

Kikwazo ni kwamba Billboard hutangaza safu zote tatu kwa ukamilifu kwa nyimbo chache tu za juu, hasa ile iliyoshika namba moja, na nyimbo nyingine nyingi hubaki na nafasi tupu ambayo mashabiki huijaza kwa makadirio na matusi. Takwimu hizo wanazo, kwa sababu bila hizo wasingeweza kupanga nafasi. Wazichapishe kwa nyimbo zote 100, kila wiki, bila malipo, na sisi tulioko huku mbali tutazisoma usiku huohuo wa Jumatatu.