Doksisaiklini haimezwi ukiwa kitandani

Doksisaiklini, antibiotiki ya kupambana na bakteria, inamezwa na mtu aliye wima, na akishaimeza anabaki wima. Mwenye haraka aondoke na hilo. Mwenye nafasi akae kidogo, kwa kuwa dawa hii ina masharti mengi kuliko ukubwa wake, na mengi yanaingilia maisha ya kila siku: unalala saa ngapi, unakunywa nini, unashinda wapi.

Mimi ni mpima ardhi. Nashinda juani nikichungulia kwenye darubini huku kijana amesimama mbali ameshika fimbo. Katika kazi hiyo, waya wa uzio uliosahaulika majanini ulinichana muundi. Nikaosha, nikafunga, kidonda kikakataa kupona. Ngozi ikavimba na kuwa ya moto, wekundu ukaanza kupanda kuelekea gotini, na katikati likatunga jipu. Daktari alilipasua, akakamua usaha, akachukua kidogo cha kupeleka maabara, akaagiza na sindano ya pepopunda. Alinieleza wazi kwamba kwa jipu, kupasua ndiyo tiba yenyewe, na antibiotiki anaiandika kwa sababu maambukizi yalikuwa yameshatoka nje ya jipu na kuenea kwenye ngozi.

Kisha akauliza kama nina mzio wa dawa yoyote. Penisilini, nikamjibu. Nilipokuwa mtoto nilipewa amoksilini nikatokwa na vipele mwili mzima, na tangu hapo kila faili langu limeandikwa hivyo kwa wino mwekundu. Akaandika doksisaiklini, miligramu 100 kila baada ya saa 12.

Mke wa kaka yangu ni mfamasia. Nilimpigia kabla sijafungua pakiti.

“Shem, utaimeza na nini?”

“Na maji.”

“Maji kiasi gani?”

Katika umri huu wote hakuna aliyewahi kuniuliza maji kiasi gani. Kumbe hapo ndipo penye kesi. Doksisaiklini ikiyeyuka inakuwa na tindikali. Mtu akiimeza kwa funda moja, au akiimeza na kujilaza papo hapo, kapsuli inaweza kunata kwenye umio, ule mrija unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ikinata, inayeyukia hapo hapo na kuuchoma mpaka unatoka kidonda. Mgonjwa anaamka na maumivu makali nyuma ya mfupa wa kifua, hata mate yanamshinda kumeza, anadhani moyo unamtoka. Kinga yake ni rahisi mpaka inachekesha: glasi nzima ya maji, kisha nusu saa ya kukaa au kusimama, na saa nzima ni bora zaidi. Shemeji alisema wengi wanaofika kwake na shida hiyo ni wale wanaomeza wakiwa wameshapanda kitandani, glasi wameiacha jikoni.

Kwa hiyo nikachagua saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Jioni ile bado nina shughuli, silali leo wala kesho. Tumbo langu halipendi dawa likiwa tupu, nikawa nameza baada ya kula, na kwa doksisaiklini hilo linaruhusiwa. Kichefuchefu kilipungua sana.

Swali lake la pili lilihusu kiungulia. Anajua mfukoni sikosi vile vidonge vyeupe vya kutafuna. Vidonge hivyo vina kalsiamu, magnesiamu au alumini, na madini hayo yakikutana na doksisaiklini tumboni yanaishika, vinakuwa kitu kimoja ambacho utumbo hauwezi kukifyonza. Dawa umemeza, lakini kwenye damu inafika kidogo. Vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, vina tabia hiyohiyo, pamoja na zinki na zile multivitamini zenye kila kitu ndani. Maziwa nayo yana kalsiamu. Doksisaiklini haiathiriki nayo sana kama tetrasaiklini za zamani, dawa za ukoo wake, ila shemeji akasema kwa nini uipunguzie nguvu dawa bure. Aliniagiza nitenganishe vitu hivyo na dozi kwa saa mbili au tatu. Vya kutafuna nikaviacha kwenye gari.

Jua ndilo lililonipa taabu. Doksisaiklini huifanya ngozi ishindwe kuvumilia mionzi ya urujuanimno, hasa ile inayopenya mawingu na hata kioo cha gari. Muda mfupi tu unatosha ngozi kuungua: inauma, inawasha, pengine inatoka malengelenge, na kuna watu ambao kucha zao huachana na nyama. Weusi wa ngozi unapunguza makali, haumalizi hatari. Sasa mwambie mpima ardhi akae kivulini! Nilibadili ratiba ya timu nzima: vipimo vya nje alfajiri, mahesabu na michoro mchana. Palipokuwa hapana budi kutoka nilivaa mikono mirefu, kofia pana na krimu ya kukinga jua mpaka masikioni. Kijana wangu wa fimbo aliponiona siku ya kwanza akauliza, “Bosi, siku hizi unafuga nyuki?”

Nikiwa nimefungiwa ndani mchana nilisoma dawa hizi zilikotoka, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe linanihusu kitaaluma. Dawa ya kwanza ya ukoo wa tetrasaiklini ilitoka kwenye kiwanja. Mwaka 1945 mtaalamu wa mimea Benjamin Duggar, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Lederle huko Marekani, alikuwa akikusanya udongo kutoka sehemu mbalimbali akitafuta vijidudu vinavyoua bakteria. Sampuli iliyompa alichotaka ilichotwa Sanborn Field, shamba la majaribio la Chuo Kikuu cha Missouri, kutoka kiwanja namba 23. Ndani yake kulikuwa na kijidudu cha rangi ya dhahabu, nacho kikatoa dawa iliyotangazwa mwaka 1948 kwa jina la Aureomycin. Doksisaiklini ni ya ukoo huohuo, iliyofanyiwa marekebisho maabara, na iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1967. Nimepima viwanja maisha yangu yote, sijapata kuona namba ya kiwanja iliyookoa watu wengi kuliko hiyo.

Namna inavyofanya kazi ndiyo inayoeleza kwa nini saa zina maana. Doksisaiklini kwa kawaida haimuui bakteria moja kwa moja. Inaingia kwenye kile kiwanda chake cha kutengenezea protini na kukizuia, na bakteria asiye na protini mpya hawezi kukua wala kuzaana. Ni fundi aliyenyang'anywa mwiko: yupo, lakini ukuta haupandi. Kazi ya kumwondoa inabaki kwa kinga ya mwili wako. Dawa ikipungua kwenye damu, mwiko unarudi mkononi. Bahati nzuri doksisaiklini inakaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana kuna maambukizi ambayo daktari anaiandika mara moja tu kwa siku, na ndiyo maana ukisahau dozi moja dunia haiishi. Unaimeza ukikumbuka. Ikiwa saa ya inayofuata imeshakaribia, unaiacha iliyopita na kuendelea na ratiba. Mbili kwa mpigo, hapana.

Juu ya kumaliza dozi nina maoni yangu. Tumezoea kuimbiwa “maliza dozi” kana kwamba idadi ya siku ilishuka kutoka mbinguni. Siku hizo zimewekwa na watu, na kwa maambukizi kadhaa utafiti umeonyesha kwamba siku chache zinatosha sawa na nyingi. Lakini anayepunguza siku ni daktari aliyekiona kidonda. Mguu wangu uliacha kuuma mapema kabisa, wekundu ukarudi nyuma ya mstari ambao daktari aliuchora kwa kalamu, na kapsuli zilikuwa bado zipo. Niliendelea mpaka siku aliyoandika. Katikati ya muda huo majibu ya maabara yalitoka: bakteria ni Staphylococcus aureus, na doksisaiklini inamuweza. Kama ingekuwa haimuwezi, daktari angebadili dawa badala ya kuniongezea siku za kumeza isiyofaa. Kipimo hicho watu wanakidharau sana.

Kijana wa fimbo naye akapata mafua. Akaja akinong'ona, “Bosi, nigawie mbili tu za hizo zako kali.” Kwanza, mafua ni ya virusi, na doksisaiklini kwa virusi wa mafua haina la kufanya. Pili, zangu zilikuwa za hesabu. Tatu, hakuna anayejua mwili wake utaipokeaje. Aliondoka akiniona bahili, na mafua yakaisha yenyewe. Mambo madogo kama hayo yakirudiwa na mamilioni ya watu ndiyo yanayowafundisha bakteria usugu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu kama milioni 1.27 duniani. Shirika la Afya Duniani limeiweka doksisaiklini kwenye kundi la antibiotiki za kuanzia, zile zinazofaa kwa maambukizi ya kawaida. Ningependa ibaki huko.

Masazo ya kabatini ni hatari ya aina nyingine. Mwaka 1963 madaktari walieleza habari za wagonjwa ambao figo zao zilivurugika baada ya kumeza tetrasaiklini iliyokwisha kuharibika. Mchanganyiko wa wakati ule hautumiki tena, lakini mimi za zamani narudisha duka la dawa na siulizi mara mbili.

Kuna wanaopaswa kusema neno kabla dawa haijaandikwa. Mjamzito, kwa sababu ya mifupa na meno ya mtoto. Mzazi wa mtoto aliye chini ya miaka 8, kwa sababu ya meno kubadilika rangi, ingawa kwa baadhi ya magonjwa yanayoua haraka daktari huamua kuitoa hata kwa mtoto. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, na anayemeza isotretinoini ya chunusi, maana hiyo ikiungana na doksisaiklini shinikizo ndani ya fuvu linaweza kupanda. Na yeyote anayeimeza akipata kichwa kinachouma vibaya huku macho yanaona ukungu, au uso kuvimba na pumzi kubana, au maumivu mapya ya kumeza, amwone daktari siku hiyohiyo. Pumzi ikibana, dakika hiyohiyo. Kuharisha maji mengi au damu kusifungwe kwa dawa za kuzuia kuharisha kabla ya kupimwa, hata ikitokea wiki kadhaa baada ya dozi kwisha.

Limebaki lile la wino mwekundu. Daktari aliponiona mara ya mwisho aliniuliza vipele vyangu vya utotoni vilikuwaje: vilivimba, pumzi ilibana, vilitoka baada ya muda gani? Sikumbuki, na mama anakumbuka vipele tu. Akaniambia kwamba huko Marekani karibu mtu mmoja kati ya 10 ameandikwa kuwa na mzio wa penisilini, na wengi mno kati yao wakipimwa hukutwa hawana. Wengine ulishaisha kwa miaka, wengine vipele vilitokana na ugonjwa wenyewe. Lebo hiyo inamlazimisha daktari kuruka dawa nzuri na kwenda kwenye nyingine. Kwa hiyo nimepangiwa kupimwa: wanachoma ngozi kidogo kwa penisilini iliyozimuliwa na kutazama kama itavimba, pasipovimba wananipa amoksilini kidogo ya kumeza nikiwa chini ya uangalizi wao hapohapo kliniki, dawa za dharura zikiwa karibu. Hiyo si ya kujaribia nyumbani. Nimeuliza kama naweza kwenda na kazi zangu za michoro wakati wa kusubiri, wamesema meza ipo.