Mkeka, makumbi na bustani ya uani: nilipofikia

Kwa waliokuwa nami tangu vuli: mkeka wa watoto umefika pima 14 (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), shimo la kwanza la makumbi ya nazi limeshafukuliwa, na tungule, yaani nyanya, zimeanza kuwiva. Kwa anayesoma leo kwa mara ya kwanza, mimi naishi Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Nina watoto watatu: kifungua mimba yuko darasa la kwanza, wa kati hajaanza skuli, na mdogo ndiyo kwanza kajua kutambaa, kwa hiyo hakai alipowekwa. Nasuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa ubavu kwa ubavu kuwa mkeka, nasokota kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi, na nalima uani penye mawe mengi kuliko udongo. Vyote hivi ni vya nyumbani mwangu. Naviandika kwa sababu navipenda, na kwa sababu wapo wenzangu wenye watoto wadogo wanaoambiwa waweke kazi za mkono pembeni mpaka watoto wakue. Mimi sikubaliani na hilo hata kidogo.

Swali ninaloulizwa kila mara ni muda nautoa wapi. Nilichofanya ni kuzigawa kazi zangu kwa namna moja tu: kuna kazi inayokubali kuachwa papo hapo mtoto anapolia, na kuna isiyokubali. Kusuka ukili kunakubali. Kushona mkeka kunakubali nusunusu, maana kuna shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, na shazia hailali mkekani na mtoto anayetambaa. Kutia rangi hakukubali kabisa. Kupanda mbegu kunakubali, kuhamisha miche hakukubali. Tangu nianze kuzipanga hivi sikasiriki tena ninapoitwa katikati ya kazi, kwa sababu niliyoishika saa ya kuitwa ni ile inayoweza kungoja.

Kaskazi

Ukindu naununua kwa mafungu, umeshaanikwa. Mzuri ni wa kuti changa la mkindu, lililokatwa kabla halijafunguka. Ukikauka unakuwa mweupe na laini. Wa kuti lililokwisha kufunguka hubaki na ukijani, tena mgumu, na chane zake, vile vipande vyembamba vya kusukia, hukatika kwenye mkunjo. Kabla sijalipa, nachomoa jani moja katikati ya fungu, sio la juu, nalikunja mara mbili na kulikandamiza kwa kucha. Likipasuka, fungu nalirudisha.

Shida ya kaskazi, msimu wa joto, ni ukavu. Ukisuka saa sita mchana, chane zinakukaukia mkononi na ukili unatoka na meno. Kwa hiyo chane nazirowesha, nazifunga ndani ya kanga mbichi ya maji, na nasuka alfajiri au baada ya Magharibi hewa ikiwa na unyevu. Alfajiri ndiyo saa yangu hasa. Nikishasali nakaa barazani mpaka yule mdogo aamke. Siku nyingine napata pima nzima, siku nyingine shubiri mbili, naye kaamka.

Hapa kuna jambo dogo ambalo limeniokoa sana. Ukiuacha ukili ghafla, chane za mwisho hufumuka, na ukirudi unapoteza robo saa kutafuta ipi ilikuwa juu na ipi chini. Sasa ninapoitwa, nazikusanya chane zote kwa pamoja, nazizungushia kipande cha ukindu mara mbili karibu kabisa na pale nilipoishia kusuka, nakipitisha ncha chini ya mzunguko na kukivuta. Ni kazi ya pumzi moja, na huku mtoto keshapakatwa. Halafu ukili mzima naukunja duara na kuutundika. Hata ukikaa wiki, ukiufungua unaendelea pale pale.

Hesabu ya mkeka wenyewe, kwa anayetaka kupima: nataka futi nne kwa sita, na ukili wangu una upana wa vidole vinne, kama sentimita 7. Hiyo inakwenda kwenye pima 17 na kitu. Nimejiwekea 20, kwa sababu kuna za kukatia kwenye pembe na kuna pindo.

Rangi niliitia siku mkubwa yuko skuli, wa kati kapelekwa kwa bibi yake, na mdogo kalala. Sufuria linalochemka juu ya mafiga na mtoto anayetambaa havikai ua mmoja, sina zaidi la kusema hapo. Nilitumia manjano na mbegu za mzingefuri. Manjano hutoa rangi upesi, ila jua huila. Nilitia shabu kwenye maji kabla ya kuzamisha chane, inasaidia kushika, na hata hivyo mkeka wa manjano usianikwe juani. Mbegu za mzingefuri ukizichemsha kwa maji matupu hazitoi kitu cha maana. Tia magadi kidogo, utaona maji yanageuka papo hapo kuwa rangi ya chungwa iliyokolea. Mkubwa aliporudi skuli nilimwekea maji ya manjano kwenye kikombe, yamepoa, nikamwachia anyunyize jivu. Yalipogeuka mekundu alipiga ukelele, na jioni ile akamwonyesha kila aliyepita mlangoni.

Ramadhan

Sikusuka mchana kabisa. Baada ya tarawehe nilishona kidogo watoto wakiwa wamelala, na bustani ilibaki ya kumwagiliwa tu. Mwezi ule nausubiri mwaka mzima na sikutaka kuugawa.

Masika

Mvua zilipoanza, ukindu uliobaki niliuhamishia jikoni, juu kidogo ya mahali moshi unapopita. Ukiuacha chumbani wakati wa masika unapata ukungu, na ukungu ukishaingia doa halitoki.

Kazi kubwa ya msimu ilikuwa makumbi. Tuliyafukia vuli, mimi na wifi yangu, kwenye vishimo vya pwani ambako maji hujaa na kupwa, tukayabana kwa mawe yasichukuliwe na mawimbi. Makumbi huachwa humo miezi mitatu mpaka sita, wengine huacha zaidi, mpaka nyama inayoshika nyuzi ioze. Nilipotaka kufukua mapema, bibi mmoja wa jirani, ambaye mikono yake imesokota kamba tangu hajaolewa, aliniambia, "Usifukue leo, mwanangu. Chomoa moja ulinuse, kisha ulisugue baina ya vidole." Nikachomoa. Harufu ilikuwa haba na nyuzi zilikuwa bado zimeshikana. Tukalirudisha, tukangoja bamvua iliyofuata, yaani siku za maji makubwa, tukangoja na nyingine. Kumbi lililoiva linanuka hasa, na ukilisugua nyuzi zinaachana zenyewe huku unga wa kahawia unadondoka.

Hapo ndipo nilipojifunza kupanga nyumba kwa maji ya bahari. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hupwa mbali. Ndizo siku za pwani kwetu sote, wenye makumbi na wenye mwani. Siku za maji mafu hakuna sababu ya kushuka, basi ndizo za kushona na za bustani. Sasa wanangu wanajua: mama akisema bamvua, mkubwa anatafuta ndoo yake na wa kati anatafuta viatu. Wanacheza kwenye maji ya kifundo cha mguu huku mimi na wifi tunapokezana, mmoja anafukua na mmoja anaangalia watoto. Bila wifi kazi hii nisingeigusa. Makumbi na watoto wadogo yanataka watu wazima wawili, na anayesema anaweza peke yake sitamfuata.

Kupiga makumbi kwa gongo ni kazi ya baraza la wanawake wengi, inakwenda na maneno na vicheko. Zamani ilikuwa ndiyo kazi ya pwani hii. Mwani ulipoingia Paje na Jambiani mwaka 1989, wengi walihamia huko. Mkubwa aliniuliza kamba hizi ni za nini ikiwa dukani zipo za nailoni. Nikamwambia mitepe, vile vyombo vya baharini vya zamani, ilikuwa haina msumari hata mmoja, mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba kama hizi. Alikaa akaitazama ile kamba kwa muda. Kisha akaomba afundishwe.

Kusokota ni kazi nyingine inayokubali kuachwa. Unachukua vifungu viwili vya usumba, unavisokota kwa viganja kuelekea upande mmoja, halafu vinajipindana vyenyewe kwa upande wa pili. Kinachoshika kamba ni kule kukinzana. Mwanangu amesokota kamba ya urefu wa mkono wake, nene huku na nyembamba kule, na ndiyo inayoning'iniza mfuko wake wa chuo cha Kurani.

Bustani

Waliofika maweni wanajua ninalolima. Unachimba dhiraa moja, unakutana na jiwe. Udongo upo kwenye mifuko ya mawe tu, mwekundu na mzuri, ila kidogo. Kwa hiyo nimelima kwa namna tatu: mifuko ya mawe iliyokuwepo nimeijaza samadi ya mbuzi na majani yaliyooza, viroba vya unga vimepangwa upande wa ukuta unaopata kivuli mchana, na ndoo mbovu zimetobolewa chini.

Sasa angalieni makumbi na bustani vinavyokutana. Ule unga wa kahawia unaobaki baada ya kupiga makumbi wengi huuacha pwani. Mimi niliubeba. Unashika maji ajabu, na udongo wetu unachuja maji kama ungo. Ila umekaa baharini miezi, una chumvi, ukiutia mbichi kwenye kiroba miche inaungua ncha za majani. Niliumwaga chini ya michirizi ya bati, ukanyeshewa masika yote, nikawa naugeuza kwa jembe kila baada ya siku kadhaa. Kabla ya kuutumia nilitia kidogo ulimini. Ulikuwa hauna chumvi tena. Nikachanganya sehemu moja ya unga huo, moja ya samadi, na mbili za udongo mwekundu.

Tofauti imekuwa kubwa. Mwaka jana viroba nilivimwagilia asubuhi na jioni. Mwaka huu asubuhi tu, na tungule hazinyauki mchana. Kwa mwenye mtoto mchanga, kumwagilia mara moja badala ya mbili ni jambo kubwa. Maji ya kisima chetu yana chumvichumvi, kwa hiyo maji ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi, yanakwenda kwenye ndoo za mchicha.

Watoto nimewapa kunde. Mbegu zake ni kubwa, kidole cha mtoto kinaishika, na huota haraka kabla mtoto hajasahau alipanda nini. Wa kati alizifukua siku ya pili kuangalia kama zimeamka. Sikumgombeza; nilimpa nyingine azipande mahali pengine, zile akazifukia tena mwenyewe, na kadhaa zikaota. Mikunde sasa inapanda kwenye kamba za usumba nilizozifunga kutoka chini mpaka kwenye mapaa, na inazishika vizuri kuliko nailoni kwa sababu kamba ina vinyweleo.

Mbuzi wa mtaani waliingia mara moja wakala bamia zote mpaka mashina. Mume wangu alizungusha ua wa fito na makuti Jumapili nzima, na watoto wawili walikuwa wanampa makuti mojamoja, kazi ya saa mbili ikawa ya kutwa. Ua umesimama imara. Bamia tumepanda upya.

Kusi, mpaka leo

Upepo wa kusi umekuja na ubaridi wake, na ukindu unasukika hata mchana. Ndiyo maana pima zimeongezeka. Mkubwa anasuka ukili wa chane tatu kwa mabaki, na wa kati ndiye mpanga rangi wangu: nyeupe huku, chungwa huku, njano huku. Akichanganya namwachia. Kuna mahali kwenye pima ya tisa pana mstari wa chungwa usiofuata mpango, nimeuacha kwa makusudi, kwa sababu yeye ndiye atakayelala hapo.

Kushona nakufanya usiku tu. Shazia inakaa kwenye kopo lenye mfuniko, juu ya kabati, na kila nikimaliza naihakikisha kwa macho kabla ya kuzima taa. Vipande vinne vya ukili vimeshaungana ubavu kwa ubavu. Uzi ni ukindu ule ule, uliochanwa mwembamba, na unaupitisha ndani ya ukingo wa kila ukili ili mshono usionekane upande wa juu. Nikiulaza sakafuni na kupitisha kiganja sisikii mshono, na hilo linanifurahisha kuliko rangi.

Yaliyobaki: pima 6 za kusuka, ukili wa pindo ambao nautaka mweupe mtupu, na shimo la pili la makumbi, ambalo wifi na mimi tutalifungua bamvua ijayo ikiwa homa ya mdogo imetulia. Mbegu za tungule nimeanza kuziweka kutoka kwenye yale makubwa ya mwanzo, nimezikausha kwenye kipande cha gazeti. Kitalu cha vuli kitakaa nyuma ya jiko, mbali na kuku, na safari hii mchanganyiko wote utakuwa na unga wa makumbi.